Bweni Juu ya Ndiva

Huku milimani kwetu ardhi ya tambarare ni dhahabu. Mtu wa hapa Mhezi atakupa ndizi, akipenda atakupa na mbuzi, lakini ardhi? Kwa futi moja ya mpaka watu watashuka mpaka Same mahakamani, na wajukuu wataikuta kesi ile ile. Kwa hiyo siku mzee Zephania aliposimama kanisani na kusema ukoo wake unaipa shule ya usharika ndiva yao ijenge bweni, bure kabisa, mkuu wa shule, Mwalimu Ernesta, alilia mbele ya watu wala hakuona haya.

Kusema kweli, ilikuwa ndiva kwa jina tu. Enzi za mababu lilikuwa bwawa la ukoo: maji ya kijito yanalala humo usiku, asubuhi yanazibuliwa kwa chini, yanashuka na mfereji mpaka kwenye mahindi, kila nyumba kwa zamu yake. Kila mwaka ukoo ulitoka kuzoa tope, na siku hiyo ilichinjwa mbuzi na pombe ikamwagwa chini kwa ajili ya wazee waliotangulia. Halafu tukaokoka. Mchungaji mmoja wa zamani akakataza tambiko, nasi kwa bidii zetu tukaacha tambiko na tope tukaliacha humo humo. Hakuna aliyetukataza kuzoa tope, jamani, tulijikataza wenyewe. Ndiva ikajaa udongo, ikaota nyasi, tukafungia ndama.

Ernesta aliitaka sehemu ile kufa na kupona. Shule ilikuwa imekua kuliko vyumba vyake. Wasichana wa mbali, hasa wa kule Kihurio bondeni, walipanga vijumba kijijini na kujipikia wenyewe, na haukupita mwaka bila mmoja wao kurudi kwao na mimba. Wakubwa wa kanisa walishamwambia wazi: Januari ikifika hakuna bweni, hakuna kidato cha kwanza. Na shule isiyopokea kidato cha kwanza inakufa ikiwa imesimama. Kichwani mwake Ernesta alishaipanga kesho yote: bweni, kisha maabara, kisha kidato cha tano, binti wa Kipare asihitaji kwenda mbali kutafuta elimu. Yote yalianzia kwenye bweni lile.

Pembe ikapigwa, kijiji kizima kikatoka kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja isiyo na malipo, na kwetu kazi ya msaragambo haina mkubwa. Akina mama walibeba mawe kichwani kutoka mtoni, wanaume wakasawazisha na kushindilia. Mchungaji Elinaza, mwenyekiti wa bodi ya shule, alivua kola yake akachanganya zege mpaka viganja vikachubuka. Kufikia Novemba kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, na mabati yalikuwa yamepangwa pembeni yakisubiri mbao.

Ndipo vuli ikaja, na haikuja kwa adabu. Kijito kilifurika, na maji yakaenda kulala pale yalipozoea kulala. Kwanza sakafu ililowa. Kisha ukuta wa upande wa bondeni ukapasuka ufa wa kupitisha mkono. Asubuhi moja Ernesta alikuta ukingo wa chini wa ile ndiva umevimba na unavuja maji ya tope, na chini ya ukingo ule kuna nyumba za watu, ya kwanza ikiwa ya Asteria na watoto wake wadogo.

Walisimama watatu kwenye mvua: yeye, mchungaji na mzee Zephania.

"Tumsubiri mhandisi," alisema Mchungaji Elinaza. "Nimempigia, yuko Same."

"Barabara imekatika, Baba Mchungaji," alisema Ernesta. "Atapaa?"

"Tundu la kuzibulia liko chini ya ukuta huu," alisema Zephania. "Tukilifikia, maji yatafuata mfereji. Tusipolifikia, yatajichagulia njia."

"Kulifikia maana yake nini, mzee?" Ernesta aliuliza, ingawa alijua.

"Kuvunja, mwanangu. Na ukuta huu ndio umebeba vyumba vyote. Tulikupa tukidhani ndiva imekufa. Sote tulidhani hivyo."

Hapo Ernesta aliwaza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Aliwaza kwamba labda mvua itakatika. Labda ukingo utahimili mpaka jioni, Asteria ahamishwe tu na watoto wake, nyumba ya udongo iende lakini bweni libaki. Aliupima ukuta na nyumba ya mwenzake mizanini, na mizani haikumpa jibu haraka. Aliona aibu iliyomchoma kuliko baridi ile.

"Pigeni pembe," alisema.

Walikuja wale wale, safari hii na sululu na mitalimbo. Walipoambiwa, wakaegemea sululu zao. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ernesta akachukua nyundo akaupiga ukuta wake mwenyewe, akapiga tena, analia kwa sauti kama mfiwa, mpaka wanaume wakamwondoa wakaendelea. Alasiri ukuta ukalala. Wakachimba, wakalipata tundu, na maji yakatoka kwa nguvu yakaushika mfereji kana kwamba hayajawahi kuuacha. Ukingo ukatulia. Nyumba ya Asteria ikasimama.

Ernesta alikaa juu ya yale mabati, akiwaza namna ya kuwapigia simu wazazi wa Kihurio. Nyuma yake kelele zilibadilika. Kuna mtu alicheka. Walikuwa wamezunguka shimo wakiyatazama maji, wakisema mwaka huu hata kiangazi kikija mahindi yatakunywa. Mara wakaanza kubishana: Jumatatu ilikuwa ya akina nani, Alhamisi ya akina nani. Watu waliobeba yale mawe kwa vichwa vyao walikuwa na furaha, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Zephania akamjia, kofia mkononi.

"Mwalimu, ukoo umekubaliana. Na shule tumeipa zamu. Jumatano asubuhi, maji yakiwa bado mengi. Wengine wameikosa hiyo."

Wote waligeuka kumwangalia, wamefurahi kwa kumpa. Shule haikuwa na shamba hata la kupanda mchicha. Ernesta alifuta uso, akasimama, akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, kama adabu inavyotaka.