Kioo cha Kulia Nilichokigeuza

Mwaka ule wa 1999 kulikuwa na maneno sokoni Kamembe, na mimi yaliniganda kichwani. Walisema Latifu, fundi wa vioo vya magari, anaviweka vibaya kwa makusudi. Anamwachia dereva upofu ubavuni, halafu kwenye mpando wa Nyakabuye wenzake wanadandia nyuma na kushusha magunia.

"Na dereva akiwaona?" nilimuuliza Védastine, muuza samaki wadogo wa sambaza, jirani yangu.

"Akiwaona hafiki nyumbani, Mama Cyusa. Weye unadhani ni nini?"

Cyusa mwanangu ndiye dereva. Alileta mpunga kutoka Bugarama kwa kamyo ya tajiri mmoja. Kaka zake wawili vita viliwachukua, mmoja huku, mmoja Kongo. Nilibakiwa na huyo na dada yake Umwali.

Siku kamyo ilipopelekwa kwa Latifu, nilijifanya nampelekea Cyusa viazi. Niliyoyaona yalinizidishia hofu. Latifu alikuwa amesimika mti mmoja uliopakwa chokaa, akachora chaki kwenye tairi. Cyusa alisogeza kamyo polepole, na Latifu akatembea kando yake akihesabu mizunguko ya gurudumu na kuandika kwenye daftari. Kisha kamyo ikazunguka uwanja mzima, ikaupita mti ule ule kwa ubavu wa pili. Akahesabu tena, akaandika tena.

"Mzee Latifu," nikamwambia, "si utafute pahali vioo vyote viwili vinaona, uvilinganishe, umalize?"

"Pahali hapo hapako, Maman. Cha kushoto hakijawahi kuona kinachoonwa na cha kulia. Ni kama bake benza wa bwana mumoja, kila mumoja anajua chumba chake."

"Sasa unavipatanishaje?"

"Mti hautembei. Kamyo ndiyo inatembea. Nikijua gurudumu limezunguka mara ngapi toka huyu auone mti mpaka yule auone, najua kila mumoja anatazama wapi."

"Na hizo namba unampa nani?"

"Nampa mke wangu azipike na majani ya sombe."

Cyusa alicheka mpaka akaegemea usukani. Mimi sikucheka. Muntu anayehesabu mwendo wa gari la mwanao na kuuandika, utamchekea?

Kilichonikera zaidi ni kioo cha kulia. Alikiinamisha kikaonyesha gurudumu la nyuma na ardhi tu. Magunia yasingeonekana hata moja. Nilipouliza, alisema, "Gunia likigongwa haliumii, Maman." Akakaza bolti, akapitisha mstari mwembamba wa rangi nyekundu juu ya bolti na mkono wa kioo. Akamwambia Cyusa autazame kila asubuhi. Mstari ukikatika, kioo kimesogea, arudi kwake.

Nikajisemea, huyo amewafungulia wenzake mlango.

Kesho yake asubuhi, Cyusa akiwa ndani anakunywa chai, nilipanda kwenye kamyo iliyolala uani kwangu, na spana ya baiskeli mkononi. Nililegeza ile bolti, nikakiinua kioo mpaka magunia yote yangeonekana vizuri, nikakaza. Mstari ulikuwa umekatika. Nilichukua rangi ya kucha ya Umwali nikaupaka upya. Cyusa akatoka, akautazama mstari, akauona mzima, akaenda. Nilifurahi. Nilidhani nimemkinga mwanangu.

Kule Bugarama, kwenye kinu cha mpunga, alirudi nyuma ili apakie magunia ya mwisho. Mpakiaji mmoja, Muderhwa, alikuwa ameinama kando ya gurudumu la kulia akivuta turubai. Cyusa alitazama kushoto, salama. Akatazama kulia, akaona magunia. Gurudumu likapanda juu ya mguu wa Muderhwa.

Kufikia saa nane habari zilikuwa Kamembe. "Si tulisema? Latifu huyo!" Walimkamata kwenye karakana yake, na Cyusa pia walimzuia. Mwanangu aliapa kwamba mstari ulikuwa mzima alipoondoka. Hakujua kwamba kiapo hicho ndicho kilichomfunga Latifu, kwa sababu kama mstari ni mzima, basi kioo kilikuwa vile fundi alivyokiacha.

Nilifika kwenye ofisi ya sekta na chakula. Konseye, mkuu wa sekta, bwana Harelimana, akanipokea vizuri.

"Mama, mwanao tunamwachia leo. Mwenye kosa tumempata. Askari wanamchukua saa kumi."

Siku zile muntu akichukuliwa kwa maneno ya namna hiyo, mkewe hakuuliza atarudi lini. Latifu alikuwa ameketi chini, mikono nyuma, kilemba kimeanguka. Mkewe Uwamwezi alikuwa mlangoni bila viatu.

"Maman," Latifu akasema, "weye ulikuwapo nikipima. Waambie uliona nini."

Nikamtazama Cyusa dirishani, akinipungia mkono. Kunyamaza tu kungetosha. Ningerudi naye nyumbani, tungekula. Nikaweka chakula sakafuni.

"Kioo nilikigeuza mimi," nikasema. "Na rangi nilipaka mimi."

"Mama, unajua unachosema?"

"Najua. Bolti ya chini, na spana ya baiskeli. Nilimshuku huyu baba."

Uwamwezi alinitemea mate miguuni. Sikujifuta. Latifu walimfungua, nami nikaingia alipotoka yeye. Nilikaa siku tisa. Muderhwa alipoteza vidole vitatu, na mpaka leo nampelekea mpunga. Cyusa alikuja kunichukua, tukapanda kilima cha Mururu kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Siku hizi kamyo anailaza kwa tajiri, haileti tena kwangu.

Nawaandikia kina mama wenye batoto madereva. Haya muyashike:

Usiguse kioo cha gari usiloliendesha.

Usipake rangi juu ya alama ya fundi.

Usiseme kioo kimoja kiko sawa, basi na cha pili kiko sawa.

Usinyamaze muntu akifungwa kwa kosa lako.

Usibebe maneno ya sokoni kabla ya kumuuliza mwenyewe, na akikujibu, sikiliza.

Usiiname kando ya gurudumu gari likirudi nyuma, hata kama dereva ni mwanao.