Wakwe Waliopotea Bustanini

Fundi alishika mpini wa kigari cha mtoto upande wa kushoto, Mwalimu akaushika upande wa kulia, na kila mmoja alikivuta kuelekea kwake. Ndani ya kigari, mjukuu wao wa miezi saba, ambaye nyumba nzima ilimwita Mashavu, aliwatazama kwa zamu kama hakimu.

Wazo lilikuwa la binti yake Fundi. Siku nne alikuwa hajapata usingizi wa maana, na Jumamosi hiyo asubuhi mama yake na mama mkwe wake walimgongea mlango kwa wakati mmoja. Aliwakabidhi mtoto na mkoba wa maziwa na nepi, akasema, "Mpelekeni bustanini akapunge hewa. Wote wawili. Mimi nalala." Akafunga mlango.

Bustani yenyewe ilikuwa msitu mzima katikati ya mji. Ukishavuka geti, honi zinabaki nyuma, na mbele yako ni miti mirefu, mianzi, na vijia vya udongo vinavyogawanyika kila hatua mia.

Kwa miaka miwili wakwe hawa walikuwa wakisalimiana kwa adabu tu. Fundi alikuwa ameshona magauni ya maharusi wa watu kwa miaka ishirini na sita, na zamu ya binti yake ilipofika, alinunua kitambaa, akakikata, akashona mpaka kiunoni. Ndipo Mwalimu, mama wa bwana harusi, akatokea na gauni la dukani ndani ya boksi. Zawadi! Binti, kwa kuogopa kumuudhi mkwe, akalivaa. Fundi alitabasamu kwenye kila picha mpaka taya zikamuuma.

"Tukate kushoto," alisema Mwalimu. Alishastaafu ukuu wa shule, ila ukuu wenyewe ulikuwa haujastaafu.

"Kushoto tumeshapita."

"Hatujapita."

"Mti huu wenye nundu nimeuona mara mbili."

"Miti ya humu yote ina nundu, Fundi."

Fundi akaung'ang'ania mpini. Yeye pia hakujua walipo, lakini kukiri mbele ya huyu mama, hapana. Wakakata kushoto. Dakika kumi baadaye, mti wenye nundu ukawapokea tena.

Mashavu akaanza kulia njaa. Waliketi kwenye benchi, na Fundi alikuwa ndiyo kwanza ameutoa mkoba kigarini pale tumbili alipodondoka kutoka tawini na kuudaka mkanda wake. Fundi akavuta. Tumbili akavuta. Mkanda ukakatika, na mnyama akapanda na mkoba hadi kwenye tawi la karibu, akakaa akiupekua kama askari wa forodha.

"Jamani, maziwa ya mtoto!" Fundi alilia. Alipiga makofi, akabembeleza, akavua kiatu akakirusha. Tumbili akakikwepa bila hata kukitazama.

Ndipo Mwalimu akasimama. Aliinyoosha sketi yake, akainua kidole.

"WEWE! Weka chini! Sasa hivi!"

Mkoba ulianguka. Tumbili alitoweka juu ya matawi kama mtoto aliyekutwa nje ya darasa. Kwenye benchi la pili, vijana wawili wachumba waliachiana mikono wakasimama wima, na kijana aliyekuwa akikimbia mazoezi alisimama papo hapo na kusema, "Shikamoo, mwalimu."

Mashavu alisahau kulia. Akamtazama bibi yake huyo, kisha akacheka, kicheko cha tumbo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwake. Fundi naye akaangua kicheko, akashika mbavu, akakaa chini kwenye majani makavu.

"Sasa unacheka nini?" aliuliza Mwalimu, midomo ikimcheza. Halafu naye akashindwa.

Mtoto alipokuwa ananyonya chupa mapajani mwa Mwalimu, Fundi alichomoa sindano na uzi ambavyo havikukosa kwenye kola yake, akaanza kuushona mkanda. Mwalimu alivitazama vile vidole kwa muda mrefu.

"Lile gauni," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Sikujua ulishakata kitambaa. Niliambiwa baada ya harusi."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Miaka thelathini nimekuwa naamua, watu wanaitikia. Nilidhani nakupunguzia kazi." Akamfuta Mashavu maziwa kidevuni. "Nisamehe, mkwe."

Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno. Maneno aliyokuwa ameyapanga kwa miaka miwili, makali yote, aliyatafuta asiyaone.

"Mimi nami nilipaswa kusema siku ileile," alijibu. "Badala yake nilinuna. Yamekwisha, mkwe wangu. Ila nikwambie ukweli mmoja: hatujui tulipo."

"Mungu wangu, nilidhani ni mimi peke yangu!"

Walimwuliza mkata majani aliyekuwa akipumzika kivulini. Mzee akawatazama kwa mshangao.

"Geti? Si hilo hapo nyuma ya mianzi? Nawaona mnalizunguka tangu asubuhi. Nikasema, kina mama hawa wanajua mazoezi."

Binti aliwapokea mlangoni, nywele timutimu, macho yametoka.

"Saa tatu nzima! Simu hampokei! Mlipotea?"

"Tupotee wapi?" walisema wote wawili kwa pamoja.

"Tulikuwa tunamwonyesha ndege," aliongeza Mwalimu.

"Wengi sana," alisema Fundi. "Wa kila rangi."

Binti aliwakagua mmoja baada ya mwingine: majani makavu kwenye sketi ya mama yake, mama mkwe wake akiuma midomo asicheke. Kabla hajapata swali la pili, mama zake walikuwa wameshaingia jikoni, wamebandika chai, wakinong'onezana na kusukumana mabega kama wasichana.

"Jumamosi ijayo saa mbili?" aliuliza Mwalimu.

"Saa mbili kamili. Lakini tubebe chupa mbili za maziwa, mkwe. Msitu ule ni mkubwa."