Meno ya Bure

Gathogo alikuwa na sheria zake za kuchagua picha, na alikuwa amezibandika ukutani pale studio yake Kitale ili mteja azisome akingoja. Uso uangalie mbele. Mwanga utoke mbele, sio mgongoni. Usilete picha ya picha. Na ya mwisho, ameiandika na kalamu nyekundu: Usilete ya watu ishirini ukiniambia wewe ni yule wa nyuma.

Watu walicheka wakifika hiyo ya mwisho, na Gathogo alipenda sana watu wakicheka. Miaka ishirini na mbili alikuwa amepiga picha za harusi na za kitambulisho, mpaka simu zikaja zikamnyang'anya kazi. Sasa alikuwa amepata nyingine. Unamletea picha, anaiweka kwa kompyuta, hiyo AI inaichora upya kama mchoro wa rangi, halafu anaichapisha kwa kitambaa kigumu na kuipigia fremu.

Wilkista, mwalimu wa Bungoma, upande wa Kibabii, alimtumia picha kumi na moja kisha akapiga simu.

"Ni za mama yangu, Rasoa. Wiki ijayo tunafanya ukumbusho, mwaka mmoja. Nataka moja kubwa, kama mlango."

"Kama mlango? Mwalimu, si mtu atajaribu kuingia!"

Wilkista alicheka kidogo tu. "Ni ya baba. Macho yake yanaisha. Daktari alisema hata wakipasua hayatarudi. Vitu vikubwa bado anaona. Nataka amuone mama mara moja, vizuri, kabla hayajafunga kabisa."

Hapo Gathogo aliacha mchezo. "Nitakufanyia, dada. Hiyo siwezi kuharakisha."

"Mimi napenda ile ya jikoni. Ile anacheka."

Gathogo aliifungua. Mama mzee mlangoni pa jiko, kichwa amekirusha nyuma, mdomo wazi, moshi nyuma yake. Mwanga ulitoka mgongoni. Nusu ya uso ilikuwa giza, na nusu ingine ilitingika. Kwa meno ya chini, hapo mbele, kulikuwa na pengo la meno mawili.

"Hii imevunja nusu ya sheria zangu, afadhali tu haina watu ishirini," akamwambia. "Ukiikuza kama mlango, mzee ataona ukungu tu. Wacha mimi nichague. Si umekuja kwa fundi?"

"Sawa bana. Wewe ndio unajua."

Alichagua ile ya mahafali ya mjukuu. Jua la saa nne, uso mbele, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Shida ilikuwa moja tu: mama alikuwa amefunga mdomo kama mtu anangoja kudungwa sindano. Basi Gathogo akaiambia mashine imtabasamishe. Mashine ikamtabasamisha. Na vile mashine haijui habari ya pengo, ikampa meno yote, meupe, yamepangwa kama mahindi ya mbegu.

Gathogo aliyaona. Jicho lake halikosi kitu. Hata kifungo cha shati kikikosewa anaona kutoka ng'ambo ya barabara. Aliyaona, akakumbuka pengo la ile picha ya jikoni, akajiambia uzee uliyaangusha, mimi namrudishia.

Nyaguthii, mke wake, alileta chai akasimama nyuma yake. "Huyo mama alikutuma meno?"

"Ya bure hayo. Kwa daktari wa meno angeuza ng'ombe."

"Mtumie binti yake aone kwanza."

Kawaida alikuwa anatuma. Hii hakutuma. Alitaka awe pale, awaone wakishangaa.

Siku ya ukumbusho aliipeleka mwenyewe mpaka bomani. Mahema mawili, viti vya plastiki, mchungaji na spika yake. Picha iliwekwa mbele, imefunikwa na leso. Wazee wa rika la marehemu walikaa mstari wa kwanza, na Mzee Wabwile, mume wake, alishikwa mkono akaletwa karibu kabisa. Wilkista akavuta leso.

Gathogo alingoja vigelegele. Watu wachache walipiga makofi, makofi ya heshima, yakaisha haraka.

Mzee Wabwile alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha. Alianza na kitambaa cha kichwa, akashuka polepole kwa paji la uso, kwa macho, kwa pua. Alipofika mdomoni alisimama. Akaweka kidole kwa yale meno ya chini, akakipitisha huku na huku.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama, baba."

"Mama ya nani?"

"Mama yetu. Rasoa."

"Aka. Rasoa hakuwa na meno hapa." Mzee aligeukia watu, akafungua mdomo wake mwenyewe na kuonyesha. Pengo lilikuwa hapo hapo. "Alitolewa akiwa msichana. Sisi sote tulitolewa. Ilikuwa desturi yetu, na Rasoa hakulia hata kidogo. Hiyo ndiyo ilifanya nimtake."

Bibi mmoja alicheka kwa kukumbuka, na pengo likaonekana. Na mwenzake. Macho ya Gathogo yalipita mstari wote wa mbele, mdomo kwa mdomo. Alikuwa amezaliwa Kitale, ambako watu wa kabila hili wamejaa. Miaka yake yote hamsini na tatu alinunua maziwa kwao, akawapigia picha za harusi, akawachekesha makusudi mpaka midomo ikafunguka. Na siku zote alidhani ni uzee.

Mdomo ukamponyoka, vile ulizoea kumwokoa.

"Mzee, si huko mbinguni wanarudishiwa?"

Hakuna aliyecheka. Mchungaji aliangalia viatu vyake.

Mzee Wabwile aligeuka upande sauti ilitoka. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. "Kijana, umefanya kazi. Huyu mama ni mrembo. Lakini mrudishe kwao. Watu wake watakuwa wanamtafuta."

Hapo ndipo watu walicheka, kwa upole, kumsaidia. Gathogo aliinama akabeba picha, na njia ya kutoka ilipita katikati ya mahema yote mawili.

Wilkista alimpata nyuma ya jiko.

"Ungenitumia nione."

"Nilitaka kuwashtua."

"Umetushtua." Alipangusa uso na kiganja. "Ile ya jikoni ni baba aliipiga. Simu ilikuwa mpya, alikuwa ameishika juu chini. Mama alikuwa anamcheka yeye."

"Hukuniambia, mwalimu."

"Uliniuliza? Si uliniambia nimekuja kwa fundi?"

"Nitaikuza hiyo," Gathogo akasema. "Vile iko. Sitachora kitu. Niilete wiki ijayo?"

"Wiki ijayo sijui atakuwa anaona nini."

"Kesho basi. Asubuhi."

"Kesho," akasema Wilkista, si kama mtu anayeamini. "Kwanza ukule. Mgeni haondoki hapa bila kula."

Alijaribu kukataa, akashindwa. Akawekwa kwa meza ya wazee, picha ameiegemeza kwa kiti chake kwa sababu hakukuwa na pengine. Mbele yake aliketi Nasike, dada mdogo wa marehemu, kuku mkononi. Aliiangalia ile picha.

"Wewe mwenye picha."

"Naam, mama."

"Mfunike huyo. Anatuchekelea tukikula."

Gathogo alivua koti la suti, akaifunika. Jasho lilikuwa limechora ramani mgongoni kwa shati, na kila mtu aliiona. Mtu alimmiminia maji ya kunawa, mwingine akamsogezea kuku na sukuma, wote wakimwita karibu, karibu, kula.

Ugali ulikuwa mkubwa. Aliumaliza wote, maana kuubakisha ingekuwa aibu ya pili.