Wimbo Aliouruka Iddi

Murugesan alikuwa anarudi kwao Jumapili, moja kwa moja, na alitaka kitu kimoja tu kutoka kwetu: tuitazame filamu yake mpaka mwisho.

Yeye ndiye mpishi wa mesi ya makazi yetu ya wafanyakazi hapa Al Thumama. Mimi nilipofika Doha nilimkuta, na Kiswahili chake alikiokota kwenye foleni ya chakula.

"Mama Zuleikha," aliniambia akikatakata vitunguu, "ile siku nimeweka filamu, watu wamecheka, wametoka. Mimi nimezima. Sasa wakitoka tena, nitaenda nyumbani na hiyo moyoni."

Niliikumbuka siku ile. Nahashon, mlinzi kutoka Nakuru, ndiye aliyetangulia kutoka, sahani mkononi.

"Hawatatoka," nikamwambia.

Nilisema tu. Nasimamia wasafishaji wa vyumba hotelini, kwa hiyo kumzuia mtu mlangoni naweza. Kumfanya apende filamu ya Kitamil ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, isiyo na tafsiri, ni kazi nyingine. Nikamfuata Iddi.

Iddi ni dereva wa basi letu. Kabla ya kuja huku alikuwa anatia maneno filamu kwenye banda la video Mbagala. Unakaa na maiki kando ya televisheni, Mchina anapigana, wewe unamsemea Kiswahili. Watu wanakuja kwa ajili ya mdomo wako kuliko picha.

"Kitamil sijui, dada," alisema.

"Kichina ulikuwa unajua?"

Akacheka. Akaenda jikoni kusimuliwa hadithi yote na Murugesan, na akarudi ananuka bizari.

Ijumaa baada ya swala mesi ilijaa. Pazia jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Murugesan alivaa shati jipya, akakaa mbele, mgongo umenyooka kama yuko kwenye harusi ya mwanawe. Mimi niliweka kiti changu mlangoni.

Iddi alianza vizuri. Malkia alipotokea juu ya ngome yake ya milimani, Iddi akatangaza, "Huyo hapo Bi Mkubwa! Mumewe anaongoza vita, yeye anamwongoza mumewe!" Watu wakacheka, ila kicheko cha kukaa, si cha kutoka. Mfalme akampanda tembo, akaenda kupigana. Loice, mmoja wa wasafishaji wangu, akamnong'oneza jirani yake kwamba mfalme ni mzuri kuliko wanaume wote wa Doha.

"Doha ama mesi hii?" Nahashon akauliza.

"Mesi hii hata sijahesabu."

Kisha wimbo ukaanza, na Iddi akafanya alichofanya maisha yake yote ya kazi. Akabonyeza rimoti, akaupeleka mbele. Mbagala nyimbo hurushwa. Mtu wa banda anataka ngumi, na nje kuna wengine wanasubiri kuingia.

Picha ikaruka. Malkia yuko kwenye ukumbi, amevaa nguo nyeupe, mjumbe wa adui anamwamuru apige magoti.

"Eh, mfalme ameenda wapi?" Loice akauliza.

"Amesafiri," Iddi akasema kwenye maiki, na hapo nikajua hajui; hadithi ya jikoni hakuishika yote.

"Amechukua likizo!" mtu akapiga kelele nyuma. Mesi nzima ikaangua kicheko. Nahashon akasimama, akajinyoosha, akaja mlangoni.

"Mathe, nipishe. Hii stori imeshaharibika."

"Mathe wako yuko Nakuru. Kaa chini."

Nilimtazama Murugesan. Hakugeuka. Alikuwa anatafuta swichi ya projekta kwa mkono, taratibu, kama mtu anayezima jiko.

"Usizime!" nikasema. "Iddi, rudisha wimbo."

"Dada, ni wimbo tu."

"Rudisha. Na ufunge mdomo."

Akarudisha.

Malkia yuko chumbani, anambembeleza mtoto. Wimbo wenyewe ni mdogo, sauti mbili tatu zinazozunguka, kama tunavyobembeleza sisi sote. Dirishani, chini kabisa, lango linafunguliwa. Tembo anaingia. Mgongoni hayuko mtu.

Anaona. Unamwona anaona. Na haachi kuimba. Sauti haitetemeki, mkono unaendelea kupiga mgongo wa mtoto polepole, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na wimbo unakwenda mpaka ubeti wa mwisho kwa sababu mtoto bado hajalala. Akishalala ndipo anainuka na kuvua bangili.

Nimelea watoto watatu, wawili kwa simu. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Yule mwigizaji sijui jina lake, lakini kazi aliyoifanya kwa mkono mmoja na shingo sijaiona kwingine.

Hakuna aliyecheka. Nahashon alikuwa bado amesimama pembeni yangu, lakini alikuwa ameusahau mlango.

Ukumbi ukarudi. Mjumbe akaamuru magoti. Nguo nyeupe, ya ujane, sasa kila mtu aliielewa. Iddi akaishusha maiki. Akainuka, akampelekea Murugesan.

"Sema wewe, mzee wangu. Mimi hapa sina maneno."

Murugesan akasimama. Hotuba ya malkia ni ndefu, na yeye aliijua yote, kama watu wa kwao wanavyozijua hotuba za filamu hizi tangu utoto. Aliisema nusu pumzi mbele ya malkia, kwa Kitamil, kidole juu, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwenye foleni ya wali. Maneno yanapanda, yanagongana, yanapanda tena. Hatukuelewa hata moja. Mjumbe wa adui alirudi nyuma hatua, na nikaona Loice naye karudi nyuma na kiti chake.

Malkia alipomaliza, mesi ililipuka. Watu walipiga meza, walipiga sahani. Filamu ikaenda mpaka mwisho, mpaka majina, na mlango wangu haukufunguliwa.

Nahashon akamwendea Murugesan, akijikuna kichwa.

"Mzee, rudisha pale pa ndovu. Mara moja tu."

Murugesan alijifuta uso kwa mkono wa shati jipya.

"Kesho," akasema. "Sasa wali unapoa. Panga foleni."