Shingo ya Puseletso

Mpira siupendi, na sitaki mtu anidhanie nilianza kuupenda siku ile. Watu wazima ishirini na wawili wanagombea kitu kimoja, na kila anayekipata anakipiga teke kiende mbali. Akili hiyo sijawahi kuielewa. Lakini mkwe wangu Puseletso aliitwa timu ya taifa ya wanawake ya Lesotho, Mehalalitoe wetu, waende Gqeberha, Afrika Kusini, kwenye Kombe la COSAFA la nchi za kusini, na jina lake lilipotajwa redioni aliinua macho. Hapo ndipo nilipoponzeka. Tangu tumzike Khauhelo, mwanangu, mume wake, alikuwa akikaa nyuma ya mlango na blanketi lake kama gunia la mahindi. Ndiyo mama, hapana mama, chakula anakigusagusa tu. Siku ile akaniangalia usoni, na mimi nikajua nimekwisha.

Kwetu Mafeteng mjane hatoki tu. Siku ya mazishi hufungwa kamba nyeusi ya sufu shingoni, na hukaa nayo mpaka familia ya mume iseme basi. Hapo huchinjwa kondoo, mjane hunyolewa, na mkubwa wa familia anaikata kamba kwa kisu. Kabla ya hapo hapeani mkono na mtu, hasimami barabarani kupiga soga, na jua likizama yuko ndani. Mama wa marehemu naye hufungwa. Kwa hiyo tulikuwa nazo wawili, mimi na Puseletso, na tulikuwa tumepanga zikatwe pamoja mwezi wa Januari.

Ruhusa ilikuwa mikononi mwa shemeji yangu Mokhethi, mdogo wa marehemu mume wangu. Mokhethi si mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nitamsema sana. Khauhelo alikufa chini ya ardhi upande wa Free State, hukohuko Afrika Kusini, kwenye mgodi wa dhahabu ulioachwa, wanakojiingiza vijana wetu kimyakimya kwa sababu kazi hakuna. Mwili ulipotolewa ni Mokhethi aliyekwenda kuutambua, na mimi nisingeweza. Tangu arudi kule anashika mila kwa mikono miwili, kana kwamba tukilegeza kidogo tu atakufa mwingine.

"Mjane akimbie na kaptura mbele ya watu?" aliniuliza nilipompelekea habari.

"Shemeji, akivaa sketi ndefu atakimbiaje? Atajikwaa, Lesotho nzima icheke."

"Kwenye basi mjane hukaa siti ya nyuma."

"Atakaa ya nyuma."

"Na mikono? Hao wachezaji kila dakika wanashikana mikono."

"Basi tumvalishe glavu za golikipa, kero iishe."

Hakucheka. Akauliza atalala wapi, na nani, na nani atampikia. Nikajibu yote, mengine nikiyabuni palepale. Puseletso alikuwa amepiga magoti mlangoni, na binti yake Tumelo amelala mgongoni. Mwishowe Mokhethi akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Aende," akasema. "Lakini kamba isitoke shingoni. Ikitoka bila mkono wa familia hii, asirudi hapa. Arudi kwao Quthing. Na Tumelo atabaki, maana ng'ombe wa mahari tulitoa."

"Nimekubali, baba," Puseletso akasema.

Nilimwona mkono ukienda nyuma kushika mguu wa mtoto. Huyo mtoto ndiye amebaki kwake, na ndiye amebaki kwangu pia, ana paji la uso la Khauhelo kabisa. Kaptura tuliijadili, tukajadili siti, glavu na kitanda cha hoteli. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka refa.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi mchana, dhidi ya Namibia. Mokhethi alikuja mapema akavuta kiti mbele ya televisheni yangu. Jirani yangu Mama Lisema akaja na mkate wa mvuke, ungali moto, akamchukua Tumelo mapajani. Mama Lisema hukaribishwa hata asipokaribishwa.

"Ntate Mokhethi, leo na wewe shabiki?" akamchokoza. "Jezi iko wapi?"

"Nimekuja kumwangalia mtoto wetu," Mokhethi akajibu.

Ukapigwa wimbo wa taifa. Timu imejipanga mstari mmoja, mkono kifuani, na kamera inapita uso kwa uso polepole. Wengine walikuwa wanaimba, wengine wanatafuna midomo. Ikamfikia Puseletso, namba sita, nywele fupi, macho ameyakaza mbele. Shingo tupu.

Niseme ukweli: nilimchukia. Kwa muda ule mfupi nilimchukia kwa moyo wote. Mwanangu hata udongo wa kaburi haujatulia, na huyu amefika ugenini tu, ameona taa na nyasi nzuri, ameshaivua. Nilimtetea mimi. Nilibuni uongo wa hoteli na wa mpishi kwa ajili yake, na sasa ananiweka uchi mbele ya shemeji yangu sebuleni kwangu.

Mokhethi alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mama Khauhelo," akasema taratibu, "hebu niangalizie wewe. Ni macho yangu ya uzee, au?"

Mama Lisema ndiye aliyejibu.

"Ntate, refa haruhusu mtu aingie na kitu shingoni. Mimi nilipokuwa nacheza netiboli walinivua hata rozari, na rozari yenyewe ya padri. Wanawakagua mlangoni, mmoja mmoja."

"Basi angekataa."

"Akatae, halafu asicheze?"

"Ndiyo, akae benchi. Kwani benchi lina miiba?"

"Asafiri njia yote ile akakae benchi? Si afadhali angekaa hapa, benchi lipo uani!"

"Mama Lisema, mimi sibishani na wewe." Hakugeuka. "Nauliza kitu kimoja. Kamba ya mtoto wa kaka yangu imetolewa kwa mkono wa nani? Wa refa? Wa wale wanawake wa hotelini? Mimi nilisema neno moja tu hapa, na wote mlinisikia."

Mpira ulikuwa umeshaanza. Nilikuwa natazama bila kuona. Kisha Puseletso akapewa mpira katikati, akataka kumrudishia beki, akaupiga kiuvivu. Msichana mmoja wa Namibia akauwahi, akakimbia nao, na kabla Mama Lisema hajamaliza kusema "Mungu wangu" ulikuwa wavuni.

"Mnaona?" Mokhethi akasema. "Kamba imeanza kudai." Na hakusema kwa furaha. Alisema kwa woga.

Kamera ikarudi kwa Puseletso. Alisimama peke yake, wenzake wakimpita. Akapeleka vidole shingoni, akapapasa upande huu, akapapasa upande ule, akakumbuka, akashusha mkono. Mwamuzi akapiga filimbi, mchezo ukaendelea, na baada ya dakika chache nikamwona anapapasa tena.

Mimi hufanya hivyohivyo kutwa nzima. Nikipepeta unga, nikiongea na mtu, nikiamka. Asubuhi hasa, kabla akili haijakaa sawa, mkono huigusa kamba kwanza ndipo nakumbuka kwamba Khauhelo hayupo. Mtu aliyeitupa kamba hapapasi shingo yake namna ile. Nikajua alivuliwa, na nikajua inamuuma. Hasira yangu ikaisha palepale, ikabaki hofu tupu.

Maana Mokhethi alikuwa ameshasimama.

"Nitapiga simu kwao Quthing," akasema. "Wajue wa kumpokea."

"Nilikata mimi," nikasema.

Akanigeukia. Mama Lisema naye akanigeukia, kipande cha mkate mkononi.

"Unasemaje?"

"Jumatatu, kabla hajatoka kwenda kupanda basi. Hapo jikoni. Ulitaka mkono wa familia, shemeji. Mkono wa familia ndio huu. Katika nyumba hii mkubwa ni mimi au si mimi?"

"Bila kondoo?"

"Kondoo atachinjwa akirudi. Kondoo hana haraka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Alifikiri, na kwa haki yake akatikisa kichwa: asingekubali. Nikadhani nimevuka. Kisha macho yake yakashuka kutoka usoni kwangu yakatua chini ya kidevu.

"Mama Khauhelo," akasema, "kamba ya mjane na ya mama hufungwa siku moja, hukatwa siku moja. Yake ikikatwa, msiba umeondoka nyumbani. Yako inafanya nini hapo?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Niliropoka kumwokoa Puseletso nikasahau shingo yangu mwenyewe. Mokhethi akaona nimekwama, akalegeza sauti, na upole ule ndio uliokuwa mgumu kuuvumilia.

"Sema tu kwamba hukukata. Sitakulaumu, wewe ni mama. Yeye bado kijana, ataolewa kwingine. Mtoto tutamlea hapahapa. Tumalize."

Tumelo alikuwa amesinzia mapajani kwa Mama Lisema, mdomo wazi. Nikamwona Puseletso anashuka pale njia panda na begi lake, haruhusiwi hata kuingia kumuaga mtoto. Mjane wa mwanangu, aliyekuwa akimsubiri Khauhelo uwanjani na viatu vyake vya mpira mkononi aje amsindikize nyumbani. Nikaona pia Januari yangu. Nilikuwa nimeitegemea hiyo miezi. Nilijipangia taratibu, Krismasi ipite, mvua zinyeshe, nimwage machozi yaliyobaki, na Januari niwe tayari kumwachia mwanangu aende.

"Nilishindwa," nikamwambia Mokhethi. "Yake niliikata. Nilipofika kwenye yangu mkono ulikataa. Nilikuwa nasubiri nipate nguvu."

"Umeipata?"

"Nimeipata."

Nikaenda jikoni nikachukua kisu cha mkate. Mama Lisema akainuka nusu, mtoto mikononi.

"Dada yangu, acha. Mama Khauhelo, jamani, acha kwanza."

"Kaa chini, utamwamsha mtoto."

Sufu ilikuwa imelainika kwa jasho na haikukatika upesi. Ilinibidi niivute kwa mkono wa kushoto, niikereze kwa wa kulia, na televisheni ikipiga kelele, mtangazaji akisema kona, kona ya Lesotho. Ikaachia. Shingo yangu ikawa baridi na nyepesi, nikahisi kama nimesahau kitu muhimu mahali fulani. Hapo ndipo nilipomzika Khauhelo. Siku ya jeneza nilikuwa nimesimama tu.

Mokhethi aliipokea kamba kwa mikono miwili. Akavua kofia.

"Matanga ya Khauhelo yameisha," akatamka, kama inavyopasa kutamkwa. Kisha akanipa mkono. Sikuwa nimeshikwa mkono na mtu tangu mazishi. Ulikuwa mkono wa moto, mkavu, wa mtu anayenitakia mema, na sikuutaka. Mama Lisema akapiga kigelegele kimoja, chembamba, kwa sababu kigelegele hakikosi kupigwa wakati huo, kisha akajifuta macho kwa kitambaa alichofungia mkate. Mokhethi hakungoja mpira uishe. Ile simu ya Quthing hakuipiga.

Walifungwa bao hilohilo moja. Puseletso alipiga simu jioni, nikiwa namwogesha Tumelo. Alikuwa analia hata salamu haikutoka.

"Mama, refa alisema nivue au nisiingie. Watu wote walikuwa wananisubiri mimi. Nilifungua fundo kwa mkono wangu mwenyewe, mama. Nimeiweka kwenye soksi, sijaitupa. Najua shemeji yako ameona. Nisamehe. Naomba tu Tumelo..."

"Nyamaza unisikilize. Nilikata mimi. Jumatatu, jikoni, kwa kisu cha mkate. Shemeji ameshaambiwa na ameridhika."

"Lakini mama, wewe hu..."

"Jumatatu. Jikoni. Kwa kisu gani?"

"Cha mkate," akasema polepole.

Nilisikia wenzake nyuma yake wakicheka, sahani zikigongana. Puseletso si mjinga. Anajua hesabu za kamba kama anavyozijua Mokhethi.

"Na yako, mama?" akauliza. "Kama yangu imekatwa... yako je?"

Maji ya Tumelo yalikuwa yanapoa. Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshapanda shingoni peke yake, unapapasa.

"Yangu ipo," nikamwambia. "Ipo palepale. Jumanne mna mechi na nani?"

"Na Msumbiji."

"Basi mkawafunge," nikasema, nikakata simu haraka kabla hajanisikia nalia.