Muhuri Mwekundu wa Chujio

Watu walimwita Chujio, naye hakukataa. Alikuwa na duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameletewa kila aina ya karatasi ya kughushi: vyeti vya shule ambazo hazijawahi kujengwa, mihuri iliyochongwa kwa soli ya kandambili, hata cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa baada ya kufunga ndoa. Kazi hiyo ilimfundisha kumshuku hata anayemsalimia. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza.

Nyuma ya duka, juu ya rafu ya karatasi, mashine ndogo ilinguruma mchana kutwa. Hiyo ndiyo iliyobeba kibaraza chake. Mtandao walioutumia haukuwa na mwenyewe mmoja. Kila kikundi kiliweka mashine yake, kikaiita kibaraza, na vibaraza vikapashana habari vyenyewe kwa vyenyewe. Ukiandika jambo kwenye kimoja, vingine hujichukulia nakala. Cha Chujio kilikuwa na watu mia sita, na kazi yao kubwa ilikuwa kubishana kuhusu dunia: vita ipi imeanza, rais yupi anaumwa na nani anamficha, televisheni ipi imewekwa mfukoni na nani. Ubishi ukikolea, wote walimsubiri Chujio agonge muhuri. Wa kijani, KWELI. Mwekundu, UONGO. Masharti yake yalijulikana: habari bila picha ni porojo, na picha lazima ijulikane ilikotoka.

Jumatatu asubuhi ikaingia habari ya kiwanda cha betri.

"Moshi wa sumu umevuja. Wafanyakazi wa kigeni arobaini tumefungiwa bwenini, simu zimechukuliwa. Wawili hali mbaya. Tusaidieni." Chini yake palikuwa na picha ya moshi mweusi juu ya ngazi za njano. Akaunti iliyoandika ilikuwa na umri wa saa tatu, haina sura wala jina.

Chujio aliisoma amesimama, kisha akakaa. Katika kiwanda hicho, nchi ya mbali, ndiko alikofanya kazi mdogo wake wa mwisho, yule aliyemlea mgongoni. Simu yake haikupatikana tangu Jumamosi.

Kibaraza kikawaka. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye haamini neno mpaka lisomwe na mtu aliyevaa tai, aliandika kwamba televisheni kubwa ya kimataifa imesema ni hitilafu ndogo na uzalishaji unaendelea. Dobi mmoja akamrukia: televisheni hiyo inatangaza betri za kiwanda hichohicho kila baada ya dakika kumi, sasa alitegemea iseme nini? "Tena vibaraza kumi na moja vimeshaandika," dobi akaongeza. Chujio akaguna. Vibaraza kumi na moja, lakini maneno yaleyale, mpangilio uleule. Huo ulikuwa mdomo mmoja uliotolewa kopi kumi na moja, na kopi ndiyo kazi yake.

Kabla ya saa nne wifi yake, mke wa huyo mdogo wake, alikuwa mlangoni akihema. Alifuatana na mke wa fundi bomba, ambaye mumewe alikuwa kiwanda hichohicho.

"Wifi, tumekubaliana wanawake tisa. Tunakwenda kwa wakala aliyewapeleka. Afungue jalada la dharura, apige simu huko, mtu aingie bwenini aone kwa macho."

"Ngojeni kwanza."

"Tungoje nini?"

"Nihakikishe. Mkienda na habari ya kuokota watawacheka, na siku mkiwa na ya kweli hawatawasikiliza."

Maneno ya busara, sikatai. Lakini tuseme lililopo: Chujio alitaka habari ile iwe ya uongo. Aliitaka hivyo kwa roho yake yote. Hakuikagua picha, aliivamia. Hakutafuta ukweli, alitafuta tundu, na baada ya dakika arobaini akalipata. Picha ileile ilikuwa imechapishwa miaka mitatu nyuma, ghala la matairi lilipoungua katika bara jingine kabisa.

Akagonga muhuri mwekundu juu yake na kuusambaza. Mpaka adhuhuri vibaraza thelathini vilikuwa vimeuchukua. Roho ikamtulia, na hapo hapo akasikia njaa.

"Na simu yake?" wifi aliuliza.

"Tangu lini kule kukawa na mawasiliano ya maana?"

Mke wa fundi bomba alimshika mkono. "Kwa hiyo ni uongo? Kweli kabisa?"

"Uongo mtupu, mama. Nenda kapumzike."

Wakaenda zao.

Jumatano mchana Chujio alikuwa akimwinua mteja kidevu ili ampige picha, ujumbe ukaingia. Akaunti mpya nyingine.

"Dada, ni mimi. Ondoa muhuri wako."

Mteja akabaki na kidevu juu. Chujio akaandika: "Mimi nani? Thibitisha."

"Simu ni ya mpishi, ananipa dakika tano. Ondoa muhuri."

"Hivyo hata tapeli anaandika. Mama alituimbia nini tukiugua?"

"Dada, usinitahini! Watu wanatapika damu humu, wewe unaleta mambo ya nyimbo. Ndiyo maana shemeji alikukimbia!"

Chujio alitoa macho. Alikuwa amewaona matapeli wengi, na wote walikuwa na subira ya ajabu. Walibembeleza, walilia, mwisho waliomba vocha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtukana kwa haraka namna hii, halafu asiombe kitu.

"Picha ile ni ya zamani," aliandika. "Niliona mwenyewe."

"Niliiweka mimi, nimeiokota mtandaoni. Simu zetu wanazo wao, na hii ya mpishi kamera yake imekufa, ningepiga picha na nini? Nilijua bila picha utaitupa. Picha ni ya kuazima, dada. Habari ni yangu."

Kisha: "Fundi bomba amefariki jana jioni. Tumebaki thelathini na tisa."

Dakika tano zilikuwa zimekwisha.

Mteja alitolewa dukani bila picha na bila maelezo. Chujio akafuta muhuri, akaandika kwa herufi kubwa kwamba amekosea, habari ni ya kweli. Kibaraza cha kwanza kikajibu kuwa akaunti ya Chujio imetekwa, watu wajihadhari. Cha pili kikauliza amelipwa na nani. Vingine havikujibu, viliacha nakala ya muhuri mwekundu palepale, na hakukuwa na ofisi yoyote duniani ya kuiomba iutoe. Akafunga duka, akaenda kwa wakala karibu akikimbia.

Aliwakuta wote tisa kwenye benchi la ghorofa ya pili. Wifi hakuwa amemuaga alipokuja huku. Karani alikuwa amesimama mbele yao na karatasi mkononi.

"Mama zangu, hata huyu mtaalamu wenu wa mtandaoni amesema. Someni. UONGO."

"Mimi ndiye niliyeandika hiyo," Chujio alisema mlangoni. "Nimekosea."

Karani alimpima kuanzia viatu mpaka kichwani. "Wewe ndiye Chujio? Nitajuaje?"

"Ni yeye," wifi alisema, bila kumtazama. "Ni wifi yangu."

"Sasa ushahidi uko wapi? Picha?"

"Hakuna picha. Mdogo wangu ameniandikia, na mimi namwamini. Fungua jalada."

Karani alivuta pumzi, akavuta fomu, akafungua kalamu. "Wafanyakazi arobaini, mmesema?"

"Thelathini na tisa."

Kalamu ikasimama. Benchi zima likageuka. Nyuso tisa zilimchunguza kama yeye alivyozoea kuchunguza karatasi za watu, zikitafuta tundu lolote. Wifi alijiziba mdomo kwa kiganja. Mke wa fundi bomba ndiye aliyeinuka.

"Aliyepungua ni nani?"

Chujio akamwambia. Na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka lile, aliomba kwa moyo wake wote asiaminiwe.