Unga wa Kijani wa Jibril

Jibril alikuwa na maradhi yake mwenyewe: kusikia nusu ya jambo na kukimbia nalo. Redio ilisema wataalamu wameona maji ya mwani yakiua seli za saratani ndani ya chupa za maabara. Daktari aliyehojiwa redioni hajamaliza kusema kwamba huo ni utafiti tu, askari jela huyu mstaafu alikuwa ameshaingia ziwani, suruali magotini, akikomba utando wa kijani ulioelea. Aliuanika juu ya bati kwake mtaani Nalufenya, akautwanga, akamtumia dada yake Kadija huko Mbale, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi.

Juma lililofuata daktari yule alirudi redioni. Mwani ni mmea wa baharini, alisema, na hata huo haujawa dawa ya mtu. Utando wa kijani wa ziwani msiuguse kabisa, una sumu inayoharibu ini. Chai ya Jibril ilimwagika. Alimpigia Kadija simu, haikupatikana. Akapiga tena, wapi!

Njia nzima hadi Mbale hakutulia kwenye kiti cha basi. Akilini alimwona dada yake ameanguka jikoni, akajilaani, akaanza dua, akaisahau katikati, akaanza upya. Haraka haraka haina baraka, marehemu mama yao alizoea kusema, na katika watoto wake wote alikuwa akimsema yeye. Aliogopa mno.

Huko mtaa wa Malukhu alimkuta Kadija uani kwake, akichambua mboga. Simu yake ilikuwa imeisha chaji.

"Ule unga umekunywa?"

"Nitakunywa namna gani, afande? Kwetu mwenye kuleta dawa anaonja kwanza. Mimi nangojea wewe tu."

Aliingia ndani akarudi na kikombe, unga umeshakorogwa. "Haya, onja. Jana ilikuwa siku ya sindano, mimi sikuenda. Nikasema, kwanza dawa ya kaka."

Jibril alikipokea, akachukua na unga uliobaki. Akamwaga vyote kwenye shimo la choo, akarudi.

"Dada, ile ni sumu. Nimekosa mimi. Dawa yako iko hospitali."

Machozi yalimlenga Kadija. Alikuwa amemwamini kuliko daktari.

"Sindano ile inauma, Jibril. Nilifurahi kupata sababu ya kuikimbia." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Basi kesho twende wote. Hiyo huwezi kunionjea, lakini utanishika mkono mpaka iishe."

Jibril hakungoja kesho. Aliushika pale pale.